Chatu mpira na baridi ya Mbeya: kizimba salama kinakuwaje?

Mwezi wa sita mpwa wangu alinipigia simu akiwa kwa fundi seremala, maeneo ya Soweto, Mbeya mjini. Alikuwa na mchoro wa sanduku kwenye karatasi ya daftari, na fundi alikataa kushika randa mpaka aambiwe sanduku hilo ni la nyoka gani. Kijana alikuwa ameangalia video za wenzake wa nje waliojizungushia nyoka mkononi kama bangili, na moyo ukampenda mnyama yule. Kufika jioni mtaa mzima ulishakuwa na habari zake. Mmoja alisema kijana analeta joka la kumeza watoto. Mwingine akasema asisumbuke na mambo ya taa na joto, nyoka ana damu baridi, hali ya hewa ya Mbeya itamfaa. Wa tatu akamshauri asitoe hata senti, aende mashamba ya mpunga ya Usangu akajiokotee.

Kauli hizo tatu zote zina makosa, na kila moja inaweza kuua: nyoka, mtu, au vyote viwili. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Tuanze na majina. Chatu si nyoka mmoja, ni ukoo. Chatu wa kwetu, yule wa mabondeni na kandokando ya mito, hukua akafika mita tatu au nne, na wapo wanaofika tano. Huyo ana nguvu za kukamata swala mdogo au mbuzi, na hafai kukaa ndani ya nyumba ya mtu. Chatu wa kwenye video ni mwingine. Wataalamu humwita Python regius, na asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal hadi huku mpakani mwa Uganda. Akiogopa hujikunja akawa duara, kichwa kikafichwa katikati, ndipo Wamarekani wakampa jina la mpira. Nami nitamwita chatu mpira. Mkubwa wao huwa na urefu wa kati ya sentimita 90 na mita moja na nusu, majike yakiwazidi madume. Hana sumu. Meno anayo na anaweza kung'ata akishtuliwa, lakini jeraha lake ni la kuoshwa kwa maji na sabuni, na hana mwili wa kummeza mtoto.

Huko kwao Benin, katika mji wa Ouidah, lipo hekalu ambamo chatu hawa wanaheshimiwa, na wenyeji hawawaui. Nalitaja hilo kwa sababu watu wengi wa hapa wanadhani kumfuga nyoka ni jambo la Wazungu. Mnyama huyu ni wa Afrika, ila si wa Mbeya, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala hii.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja kwa vijana. Chatu mpira ni mnene, mfupi, wa kahawia yenye mabaka. Sasa fikiria kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe: naye ni mnene, mfupi, mwenye michoro ya kahawia na njano, hulala palepale njiani bila kukimbia, na sumu yake huozesha nyama na huweza kuua. Kifutu tunaye shambani. Chatu mpira hatunaye porini kabisa. Kwa hiyo ukikuta nyoka mnene ametulia kwenye majani ya mahindi huko Iringa au Mbozi, usijiambie kwamba ni yule wa kwenye simu. Rudi nyuma polepole.

Turudi kwenye damu baridi, maana hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa. Msemo huo unamfanya mtu aone nyoka kama kitu kilichozaliwa na baridi, hivyo kinapenda baridi. Ukweli ni kwamba nyoka hana jiko mwilini. Wewe na mimi tunachoma chakula ndani na joto letu linabaki karibu nyuzi 37, iwe Kyela au Makete. Nyoka hulipata joto kutoka nje. Aliyewahi kuwa Iringa asubuhi atakuwa amewaona mijusi wamejibandika kwenye yale majabali makubwa, wanangoja jua. Wakishapata moto wa kutosha wanachangamka, wakizidiwa wanaingia kwenye ufa. Siku yao yote ni kuhama kati ya jua na kivuli. Nyoka naye anaishi hivyohivyo, na akinyimwa pa kuhamia, mwili wake unasimama. Chatu aliyekula panya kisha akakosa joto hawezi kumeng'enya chakula. Panya anaoza tumboni, na nyoka anamtapika.

Kwa hiyo kizimba ni nini? Ni sanduku ambalo ndani yake mnyama anaweza kuchagua: upande huu moto, upande ule pamepoa, na pande zote mbili pana pa kujificha. Mengine yote, kufuli, tandiko, bakuli la maji, yanajengwa juu ya hilo.

Wafugaji wa kuku wataelewa haraka kuliko wengine. Bruda, yaani boksi la kulelea vifaranga kwa joto la taa, wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35. Chatu mpira anahitaji upande wa moto uwe na nyuzi 31 hadi 33, upande uliopoa uwe kati ya 25 na 27, na usiku joto lisishuke chini ya nyuzi 22 au 23. Yaani ni karibu joto la kifaranga mchanga, ila kifaranga anaota manyoya baada ya wiki chache ukazima taa, na chatu haoti manyoya. Huishi miaka 20 hadi 30. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, kulikuwa na mmoja aliyepokelewa mwaka 1961, akataga mayai mwaka 2020. Taa ya bruda hiyo unaiwasha leo, na huenda wanao ndio watakaokuja kuizima.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Vifaranga hukueleza. Wakisongamana chini ya taa, ujue ni baridi. Wakikimbilia kuta na kuachama midomo, limezidi. Chatu hasemi. Anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza tumbo na asiondoke mpaka magamba yaive. Mawe ya plastiki yenye waya wa umeme ndani, yanayouzwa kwa ajili ya wanyama hawa, yameunguza nyoka wengi. Usiyanunue.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza kununua si taa bali ni themostati, kile kidhibiti kinachokata umeme joto likifika ulipotaka na kuurudisha likishuka. Pasi inacho, friji inacho. Na huku kwetu huna haja ya kuagiza ng'ambo: wanaouza vifaa vya mashine za kutotolesha vifaranga wanauza themostati zenye kioo cha namba na waya mrefu wa kupimia. Kichwa cha waya huo kikae pale nyoka anapolala upande wa moto, kifungwe asikisogeze. Weka pia vipimajoto viwili, kimoja kila upande. Mkono wako usiupe kazi hiyo, hasa mwezi wa saba, mkono uliotoka kumwagilia bustani alfajiri unaona kila kitu ni cha moto.

Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapoachana na maelezo yote ya kwenye video. Mji wa Mbeya uko kwenye kimo cha takriban mita 1,700. Juni na Julai usiku joto la nje huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na Njombe na Makete ni zaidi ya hapo, Kitulo umande huganda kwenye majani. Anayekaa Dar es Salaam anahitaji kuongeza nyuzi chache tu juu ya joto la chumba chake. Wewe wa Uyole au Mafinga unaweza kuhitaji kuongeza 15 au zaidi, usiku kucha, kwa miezi. Kyela, umbali wa saa chache kwa basi, karibu na ziwa kwenye kimo cha mita 500 hivi, ni nchi nyingine kabisa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema balbu ya wati kadhaa inatosha, muulize kwanza anaishi wapi.

Themostati haitengenezi joto, inalizuia lisipite kiasi ulichotaka. Kama sanduku linavuja, taa itawaka mpaka asubuhi na namba haitapanda. Ndiyo sababu sanduku la kioo kitupu, la kufugia samaki, ni chaguo baya kwa baridi yetu: kioo hupoteza joto kila upande, na kifuniko cha wavu hulitoa lote juu. La plaiwudi nene, lenye mbele ya kioo cha kuteleza, hulishika vizuri. Kwa chatu aliyekomaa ukubwa wa sentimita 120 kwa 60, na kimo cha 60, unamtosha kujinyoosha karibu mwili wote. Ndani lipakwe vanishi, viungo vizibwe kwa silikoni, kisha likae wazi wiki kadhaa mpaka harufu iishe kabisa. Chanzo kizuri cha joto ni hita ya kauri au paneli inayofungwa darini mwa sanduku, ikizungushiwa wavu wa chuma ili nyoka asiweze kujisokota juu yake. Usitumie taa ya mwanga usiku, hata iwe nyekundu. Mnyama huyu hutembea gizani na anahitaji giza lake. Na sanduku lisikae dirishani. Jua la Oktoba likipiga kioo kilichofungwa, ndani panakuwa kama gari lililoachwa juani stendi.

Nilipokuwa nasoma Leeds, Uingereza, niliishi nyumba moja na mwenzangu aliyekuwa na chatu mpira jike, na yeye akisafiri kazi ya kumtunza ilikuwa yangu. Jioni moja ya majira ya baridi nilimlisha, kisha nikachomoa waya ili nichaji simu, nikasahau kuurudisha. Asubuhi nilimkuta amejikunja kwenye kona, na pembeni yake panya aliyetapikwa, ananuka chumba kizima. Alikataa kula kwa zaidi ya mwezi. Tangu siku hiyo nikajua kwamba hita ya nyoka isichangie soketi na kitu kingine chochote, wala isining'inie kwenye ekstensheni ya kuazimana.

Umeme nao hukatika. Jiandae kabla: blanketi zito la kufunika sanduku huku ukiacha matundu ya hewa, na chupa au madumu ya maji ya moto yaliyozungushiwa kanga ili yasiguse ngozi ya nyoka. Chatu mzima anavumilia saa kadhaa za ubaridi ikiwa hajala karibuni. Nakuomba sana, usilete jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya kuokoa joto lake. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi huku kwetu tunasikia familia iliyolala nayo ikaamka pungufu, au haikuamka. Hakuna nyoka wa thamani hiyo.

Baada ya joto ni unyevu, na hili huwachanganya hata waliosoma. Kipima unyevu kinaposoma asilimia 60 hakisemi kuna maji kiasi gani hewani. Kinasema hewa imejaa kwa kiasi gani ikilinganishwa na uwezo wake. Hewa ya moto ni kapu kubwa, ya baridi ni kapu dogo. Chukua hewa ya Mbeya ya Agosti, kavu na ya baridi, uiingize kwenye sanduku uipashe moto: maji ni yaleyale, kapu limekuwa kubwa, na ghafla linaonekana karibu tupu. Kwa hiyo kadiri unavyopambana na baridi, ndivyo unavyomkausha nyoka wako. Chatu mpira anataka asilimia 55 hadi 70, na zaidi kidogo anapojivua gamba. Akikosa, gamba linatoka vipandevipande, na utando wa macho unabaki umeng'ang'ania. Anayeubandua kwa kucha anaweza kulitoboa jicho.

Tiba yake ni bakuli pana la maji, zito lisipinduke, likisogezwa upande wenye joto wakati wa kiangazi, na tandiko linaloshika maji chini huku juu pakiwa pakavu. Usimnyunyizie maji mwilini. Ukilowesha kila kitu huku joto ni dogo, unamletea kifua: utamsikia anapumua kwa mluzi, au utaona mapovu mdomoni, na hapo ni kwa daktari wa wanyama. Tukuyu, ambako mvua karibu haiachi, shida huwa kinyume chake, ukungu kwenye mbao.

Kuhusu tandiko lazima niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wenzangu wa Mufindi. Maranda ya paini kutoka mashine za mbao za kuzunguka Sao Hill ni ya bei rahisi, na kwa kuku tunayatumia kila siku. Kwa chatu hayafai. Utomvu wake wenye harufu huwasha njia ya hewa ya mnyama anayelala pua ikiwa chini, kwenye sanduku lililofungwa na lenye joto. Mierezi ni mibaya zaidi. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yaletwayo kutoka Pwani, ndiyo bora: yanashika unyevu na hayaozi upesi. Ukikosa, karatasi tupu zinatosha, ila zibadilishwe kila zikichafuka.

Maficho yawe mawili, moja kila upande, na yawe ya kubana. Kwao chatu huyu hushinda ndani ya vichuguu na mashimo ya panya, mwili ukigusa kuta. Chungu kilichofunikwa na kutobolewa mlango upande mmoja kinafaa sana. Akiwa na ficho moja tu, tena upande uliopoa, atachagua usalama na kuacha joto, na wewe utasema kizimba chako kina nyuzi 32 huku mwenyewe haijawahi kumfikia hata moja.

Kufuli. Yule jike wa Leeds alitoroka mara moja, kupitia upenyo wa mlango wa kioo ambao nisingeweza kupitisha vidole viwili. Tulimpata siku ya tatu nyuma ya friji, amejibandika kwenye mota. Midomoni chatu ana vishimo vinavyohisi joto. Ndivyo anavyomwona panya gizani, na ndivyo alivyoiona friji. Huku kwetu angetoka barazani, na mtu wa kwanza kumwona angemuua kwa jembe, wala nisingemlaumu, kwani hawezi kusimama apime huyu ni chatu au ni kifutu. Milango ya kuteleza iwe na kufuli ya vioo, matundu ya hewa yawe na wavu, na ufunguo usikae mikononi mwa watoto. Mwambie mwenye nyumba na majirani mapema. Kwa wazee wetu wengi nyoka ndani ya nyumba ni habari nzito, inayogusa mizimu na uchawi, na mtu haachi imani yake kwa kufanyiwa siri.

Mengine yasemwayo mtaani nitayapitia upesi. Nyoka akijinyoosha kando yako hakupimi akumeze, amelala tu. Hanywi maziwa, anakunywa maji. Mafuta ya taa yaliyomwagwa kuzunguka sanduku hayamtulizi, yanamuumiza mapafu. Panya waliotegwa nyumbani asipewe, wanaweza kuwa wamekula sumu. Na kila ukimshika au kusafisha kizimba, nawa kwa sabuni, kwani hubeba bakteria wa salmonela, walio hatari hasa kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Lililobaki ni la Usangu. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mnyama pori ni mali ya umma, chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kumkamata chatu wa bondeni na kumweka ndani bila kibali ni kosa la jinai, hata kama ulimkuta kwenye mpunga wako. Chatu mpira naye, kwa kuwa si wa hapa, huvuka mipaka kwa vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao umemweka kwenye Kiambatisho cha Pili. Pa kuulizia ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, kabla hujalipa chochote kwa mtu anayekwambia ana mzigo unakuja.

Mpwa wangu nilimwambia hivi: mwache fundi atengeneze sanduku, lakini uliwashe likiwa tupu katika baridi hiihii ya Julai, uandike namba jioni na saa kumi alfajiri. Usiku wa kwanza chumba kilisoma 13, upande wa moto 30, upande uliopoa 19. Akaongeza plaiwudi ya pili mgongoni, katikati akashindilia vipande vya godoro, akaziba pengo chini ya mlango. Usiku wa saba upande uliopoa ulisoma 24, chumba kikiwa 13 vilevile. "Mjomba, limeshika," akanitumia ujumbe na picha ya kipimajoto. Barua yake ya kuuliza kibali ameshaipeleka, jibu bado, na ndani ya sanduku hamna kitu isipokuwa chungu viwili na bakuli la maji.